Karatasi Yangu ya Takwimu

Chuo chetu kikuu kilikuwa na matawi mengi hivi kwamba hata walimu wake hawakuyajua yote. Tawi la Kitale lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na mbolea. Nilisoma hapo kila likizo, kwa sababu shule zikifunguliwa nilirudi Naitiri kufundisha darasa la nne. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na wanangu walinicheka nikibeba begi la vitabu kama wao.

Mwaka wangu wa mwisho, tawi la Kitale lilifungwa na mafaili yote yakahamishiwa tawi la Bungoma. Kisha orodha ya watakaohitimu ikatoka, na jina langu halikuwamo. Alama za somo moja, Takwimu, hazikuonekana. Na mtihani nilikuwa nimeufanya! Niliukumbuka vizuri, maana siku hiyo mvua ya mawe ilipiga mabati mpaka msimamizi akawa anatuelekeza kwa mikono.

Wiki nzima niliwaambia walimu wenzangu kwamba chuo kimenipotezea karatasi. Ijumaa nikaomba ruhusa, nikaenda Bungoma.

Karani wa mitihani alikuwa mama wa rika langu, amevaa hijabu ya kijani. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Mwalimu, wengi wanakuja hapa na hasira," akasema. "Wewe umekuja na nini?"

"Na uoga," nikamjibu.

Akachukua funguo, akanipeleka stoo. Maboksi ya Kitale yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari. Tulianza asubuhi, yeye juu ya kiti, mimi chini nikipokea. Saa saba nilitoa chai na mandazi niliyobeba, nikamkaribisha.

"Nimefunga," akasema. "Wewe kula tu, usinionee haya."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni Ramadhani. Mama huyu alikuwa amekula vumbi langu tangu asubuhi bila tone la maji. Nikafunika chai yangu, tukaendelea.

Alasiri akashuka ghafla na kijitabu cha majibu.

"Hii mwandiko si yako?"

Ulikuwa wangu. Lakini juu ya jalada, mahali pa namba ya usajili wa chuo, nilikuwa nimeandika namba yangu ya kazi ya ualimu. Mtihani ulisahihishwa vizuri kabisa, ila alama zikakosa mwenyewe. Masikio yaliniwaka moto. Nikamwambia yote, pamoja na yale niliyoyasema Naitiri.

Alicheka mpaka akakaa juu ya boksi. "Si ungeandika tu jina ya shosho, nyanya yako, tujue moja!"

Kisha akaandika barua haraka na kunishika mkono. Mkuu wa idara tulimkuta akifunga mlango wa ofisi.

"Daktari, sahihi moja tu, tafadhali," karani akasema.

"Si Jumatatu ipo?"

"Huyu ametoka Naitiri, na ana watoto wa darasa la nne wanamngoja."

Daktari akalinganisha mwandiko wangu na wa kijitabu, akaifungua ofisi tena, akatia sahihi.

Tukitoka nilimuuliza karani kwa nini alijisumbua hivyo. Akaniambia binti yake anasoma katika tawi jingine la chuo, mbali, ambako hawana ndugu.

"Nikiona mwanafunzi amekwama, namuona yeye," akasema.

Wiki iliyofuata alinipigia simu kabla sijaiona orodha mpya. Alikuwa anasoma jina langu kwa sauti, majina yote matatu, polepole, na darasa langu lote likasikia mwalimu wao akipiga kigelegele. Walimu wenzangu wakaja mbio. Niliwasimulia yote, hata kuhusu ile namba.