Kaburi la Mke wa Mwandishi

Mwandishi pekee niliyewahi kumjua kwa karibu aliishi Kasoli, nyuma ya mashamba ya pamba, mwalimu aliyeacha kazi. Alichapisha riwaya moja. Ndani yake mtu anahama kijiji cha ujamaa akaishi peke yake, kwa hoja kwamba binadamu ni wa nafsi yake kwanza, na kwamba kulia pamoja msibani ni maonyesho tu. Wakubwa wa wilaya waliiita ya kibepari. Mimi, mwaka wa pili chuo kikuu, niliiita falsafa, na likizo nzima nilishinda kwake nikitikisa kichwa kama niliyeelewa.

Aliyaishi aliyoyaandika. Kwa miaka minne hakukanyaga msiba wa jirani. Mkewe alikwenda, kimyakimya, amebeba kuni, mpaka alipougua.

Alifariki alfajiri. Desturi ya huko ilijulikana: mwenye nyumba asiyekwenda kuzika wenzake, vijana hawamchimbii kaburi mpaka aende kwa wazee kuomba radhi. Wanawake waliozoea kuongozana na marehemu walisimama mbali wakilia, wakisubiri ruhusa.

Mwalimu alivaa koti aende. Nikamzuia. Nilimwambia, kwa sauti ya semina, kwamba akiomba radhi atakuwa amekifuta kitabu chake mwenyewe. Alinitazama kidogo, akavua koti. Tukachukua majembe.

Kiangazi, udongo mweusi wa kule ni tofali. Kufikia saa saba shimo lilikuwa magotini na viganja vyangu vinavuja damu. Mzee mmoja alipita na ng'ombe wake, akasimama.

"Msomi, hapo unachimba au unapalilia?"

Hakucheka. Akamgeukia mwenzangu, akasema taratibu, "Mwalimu, mayu, mama yetu, yuko kwenye joto."

Mwalimu aliweka jembe chini akaenda vilevile, vumbi usoni. Sijui aliwaambia nini wazee. Katika makala zangu zote juu ya fikra zake, hapo nimeparuka. Alirudi na vijana wengi, wakachimba bila kumsema. Wanawake waliingia kumwosha marehemu, khanga zimefungwa puani.

Tulizika jua likizama. Baadaye nilimkuta anakunywa maji mlangoni, nikaanza kumweleza kwamba hoja yake bado ilikuwa imara.

"Ungeniacha niende asubuhi," alisema, "wangemwosha nyuso zikiwa wazi."

Kisha akanisogezea kata ya maji, ninawe viganja.