Kibanja cha Rubafu na Hati ya Kaka Yangu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka mdomo unakuwa mchungu. Nilikuwa Kemondo, mwanamke kijana niliyeachika, nauza samaki, nina kiburi cha mtu anayejitafutia mwenyewe. Akaja jirani yetu wa Rubafu, akanivuta pembeni. "Waitu, kuna watu wanapima kibanja chenu. Kaka yako ndiye anawaongoza."

Nikacheka. Unajua kwa nini? Kibanja kile baba alikigawa mwenyewe mbele ya ukoo: upande wa barabarani akampa kaka yangu Projestus, upande wenye nyumba na makaburi ya wazee akanipa mimi, ili ndoa ikinishinda nisihangaike. Baba alipofariki tulimzika humohumo, na mama tukamlaza pembeni yake. Sasa kwa sisi Wahaya, nani atauza mahali walipolala wazazi wake? Nikamwambia jirani aache umbea, nikarudi kwa wateja wangu.

Shangazi, dada yake baba, alipopata habari alinifuata sokoni na fimbo yake. Hata salamu hakunipa.

"Umekwenda ofisi ya ardhi?"

"Shangazi, si makaburi yapo pale?"

"Kaburi litapanda gari liende kukusemea? Mjinga wewe! Vaa viatu twende."

Tulichelewa. Hati ilikuwa imeshatoka, kibanja chote kwa jina la Projestus. Alikuwa amepeleka muhtasari wa kikao cha ukoo, eti sote tumeridhia, na shangazi naye yumo, kapiga dole gumba. Shangazi yule aliyesoma kwa masista na kuandika barua za kijiji kizima!

Nikafungua kesi baraza la ardhi la wilaya. Hapo wazee wa ukoo wakaanza kunijia na maneno matamu: mambo ya damu yanasemwa nyumbani, usimwaibishe kaka yako. Nyumbani! Mbona yeye hakuyasema nyumbani? Nilikataa, na tangu hapo harusi za ukoo nazisikia kwa majirani tu.

Kesi ikaburuzwa miaka, leo tarehe, kesho tarehe, mtaji wangu wa samaki ukaishia kwenye nauli. Mwishowe shangazi alisimama mbele ya mwenyekiti wa baraza, akasema, "Kikao hicho sijakaa, na kidole hicho si changu. Nipeni kalamu." Akaandika jina lake palepale.

Kisha baraza likaenda kuona eneo lenyewe. Mawee, mwanangu! Nilikuwa sijakanyaga pale tangu kesi ianze, nikakuta migomba michanga. Misalaba hakuna, mawe hakuna, hata milamula, ile mimea ya mpaka aliyoipanda baba, imeng'olewa yote. Projestus alikuwa amepata mnunuzi, na mnunuzi hakutaka makaburi. Mwenyekiti akaniuliza mama amelala wapi. Nikanyoosha mkono, nikasita, nikaunyoosha kwingine. Kaka yangu alisimama palepale, mtu aliyenyonya ziwa la mama yule, na hakunyoosha hata kidole kunionyesha.

Nilishinda. Hati ikafutwa, upande wangu wa kibanja nikarudishiwa, ndimo ninamokaa mpaka leo. Watu wanasema nina bahati. Bahati gani? Siku ya Marehemu wenzangu wanawasha mishumaa juu ya makaburi yao. Mimi nawasha katikati ya migomba, na sijui nimesimama juu ya kichwa cha mama au miguuni pake. Padri aliniambia nimsamehe Projestus. Nikamjibu nitajaribu. Nilimdanganya padri.

Sasa nisikilize. Ukisikia watu wanapima ardhi yenu, usicheke kama nilivyocheka mimi. Siku hiyohiyo nenda ukaweke pingamizi, kabla hati haijatoka, maana kuizuia ni kazi ya asubuhi moja na kuifuta inakula ujana wako. Na aliyeghushi akiwa ndugu yako wa tumbo moja, mshtaki vilevile. Hao wanaokubembeleza unyamaze hawatakupa pa kulala. Wala usijidanganye kwamba kuna kitu ambacho mtu ataona aibu kukigusa. Mimi nilijidanganya hivyo, na hukumu niliyoshinda haijanionyesha mama yuko wapi.

Mungu akulinde, mwanangu, akuzeeshe ndani ya kibanja chako mwenyewe, na siku yako ikifika, wanao wapajue mahali pa kupiga magoti.