Unga Kwenye Mistari ya Maji

Mume wake alikuwa dereva wa malori, mtu wa kula sahani ikiwa imejaa mpaka ukingoni kisha akauliza kama sufuriani kumebaki kitu. Yeye alikuwa fundi cherehani, na miaka yote ya ndoa yao alipika kwa macho: konzi ya hiki, kijiko cha kile, chumvi ya kubana kwa vidole. Halafu sukari ikampanda mumewe, akashushwa kwenye lori, na mtaalamu wa lishe hospitalini akamwambia mke, "Mama, kuanzia leo umpimie. Unga wa uji gramu sitini. Wali ulioiva, gramu mia na hamsini. Sindano anayochoma imepangwa kwa kiasi hicho."

Nyumbani hakukuwa na mizani. Kulikuwa na jagi la plastiki lenye mistari na namba ubavuni. Akamimina unga mpaka ukagusa mstari wa sitini, akajua amemaliza.

Mume aliukodolea macho uji ule. "Huu ni uji, au umesuuza sufuria?"

"Ndivyo walivyosema, baba watoto. Vumilia."

Alivumilia shingo upande. Wali wa mchana nao ulipimwa kwa jagi lile lile. Mwezi haujaisha, suruali zikawa zinamvuka, na mkewe akawa anazipunguza kiunoni kwa cherehani yake. Asubuhi moja jasho lilimtoka, mikono ikatetemeka, akaanguka bafuni.

Hospitalini mtaalamu yule yule aliuliza chakula kinapimwaje. Mke akaeleza, tena kwa fahari kidogo, maana hakuwahi kuzidisha hata chembe.

"Jagi?" Mtaalamu alishika kichwa. "Mama, ile mistari ni ya maji. Maji yakifika sitini, ni gramu sitini. Unga ni mwepesi, una hewa ndani. Ukifika pale hata gramu arobaini hujapata. Umekuwa ukimpa karibu nusu, na sindano ni ile ile."

Hakumbuki walivyofika nyumbani. Kesho yake alinunua mizani ndogo ya jikoni. Alipima unga, akaumimina kwenye jagi, akachora mstari mpya kwa rangi ya kucha ya binti yake. Akafanya vivyo hivyo kwa wali. Uji ukawa mzito, dereva akaanza kupata nguvu. Lakini alikuwa ameshampigia dada yake simu.

Wifi alikuja na begi tupu. "Kaka naondoka naye. Kwangu mimi chakula hakipimwi."

"Wifi, nilikosea, na nimesharekebisha. Njoo jikoni nikuonyeshe."

"Unionyeshe nini? Mtu mzima unampimia kama dawa ya kikohozi!"

Dereva alikuwa ameshavaa viatu.

Kwa dada yake alikula alivyotaka. Jumapili mkewe akienda kumwona, alimkuta amenawiri, mashavu yamejaa, soda mkononi. Akifungua mdomo kusema neno, kaka na dada wanacheka mpaka anachukua mkoba wake na kuaga. Kikaanza kukatwa kidole cha mguu. Ukafuata mguu wenyewe, mpaka gotini. Kisha wakamzika.

Msibani wifi alilia kwa sauti iliyofika kila chumba. "Kaka yangu alinyimwa chakula mpaka mwili ukaisha! Mimi nimepokea mtu ameshaharibika!" Wanawake wakamtazama mjane, kisha wakainamisha macho.

Kijana wake wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi mbali, alimfuata jikoni. "Mama, ni kweli ulimnyima baba?"

Angeweza kusema hapana, na lingekuwa jibu la kweli. Lakini hakuzoea kumficha mwanawe kitu. "Mwezi ule wa kwanza tu. Kwa kukosea kipimo, mwanangu. Nilidhani unga na maji—"

"Mwezi mzima," kijana akasema polepole.

Akaenda kuketi karibu na shangazi yake, akampa leso.