Meli ya Bibi Yenye Mlango Ubavuni

Mwezi uliopita tulikutana nyumbani Kikwe kusafisha stoo ya bibi. Nasema kusafisha, lakini wewe unajua shughuli hizo zinavyokwenda: mmoja anabeba magunia, wengine wamekalia ndoo zilizopinduliwa wanasimulia habari za marehemu. Mimi nilikuwa kwenye ndoo, tena ndoo nzuri yenye kivuli. Binti yangu ndiye aliyetoka ndani amekumbatia kitu kimejaa vumbi na utando wa buibui, akauliza, "Mama, hiki ni kitanda cha paka?"

Ilikuwa meli yangu. Mlingoti umekatika, tanga lililiwa na panya zamani, na mbao zimekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Lakini ubavuni mlango wake mdogo ulikuwapo, umefungwa vizuri. Mjomba wangu, aliyekuwa katikati ya hadithi ndefu kuhusu ng'ombe mkorofi, aliikatiza. Akanyoosha mkono wake wa kulia, ule wenye vidole vitatu, akaipokea.

Ngoja nikueleze meli ilifikaje kwetu, maana maji yenye kina kuliko yote niliyoyajua utotoni yalikuwa ya mfereji unaopita kando ya migomba, na yalinifika magotini.

Nililelewa na bibi, mzaa mama. Mama alikuwa anauza vitenge mjini, akija Jumapili na mkate wa siagi na maswali kuhusu shule. Siku nyingine zote nilikuwa wa bibi, na bibi hakulea mtoto wa kukaa. Ukitoka shule unavua sare, unakata majani ya ng'ombe, unachota maji, halafu ndipo unauliza kuna nini jikoni. Mara nyingi kulikuwa na loshoro, mahindi yaliyochemshwa mpaka yakalainika, yakapozwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando. Mpaka leo nikisikia harufu ya maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu, miguu yangu inahisi majani yenye umande.

Mwaka huo, mvua za vuli zikiwa zimeisha, mjomba alirudi kutoka Kijenge, mjini alikofanya kazi, mkono umefungwa bendeji. Alikuwa seremala, na mashine ya kupasulia mbao ilikuwa imemchukua vidole viwili. Kidonda kilipona. Yeye mwenyewe hakupona. Sanduku la vifaa alilisukuma chini ya kitanda, akawa anashinda kwenye gogo karibu na banda la ng'ombe, mkono umo mfukoni mwa koti, hata jua likiwa kali. Mwenye karakana alimtumia salamu kwamba nafasi yake ingemsubiri mpaka Pasaka. Mjomba akajibu wampe mtu mwingine.

Bibi hakumsema. Alisema na ng'ombe. "Unaona mama," alikuwa akimwambia wakati wa kukamua, kwa sauti ya kufika kwenye gogo, "tunaye seremala humu ndani, na mlango wa banda lako unaning'inia kwa bawaba moja."

Kazi ya kutengeneza meli ilitoka kwa mwalimu wetu wa historia, kijana wa Kilimanjaro aliyevaa tai hata siku za kupalilia shamba la shule. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, naye alitaka meza ya vitu vya kale. Akaandika majina ya vitu kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kofia, tukaokota. Wenzangu walipata jembe la mti, chungu, mshale, vitu ambavyo mtu anavichukua tu kwa babu yake. Mimi nikapata merikebu ya zama za kati. Darasa zima lilicheka, na mimi ningecheka kama angeokota mwingine. Mwalimu akanionea huruma, akanipa picha aliyoikata kwenye kalenda kuukuu: meli yenye tumbo nene, mlingoti mmoja, tanga moja la mraba, na vibaraza viwili vilivyoinuka, kimoja mbele na kimoja nyuma, ambako askari wenye pinde walikuwa wakisimama.

Bibi aliichukua ile picha akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Alikuwa mwalimu wa Sunday school kwa miaka mingi, na meli aliyoijua ilikuwa moja tu duniani.

"Hii ni safina," alisema.

"Bibi, siyo safina. Ni merikebu."

"Sawa, safina ya Wazungu. Mbona haina mlango? Watu wataingilia wapi?"

Kwenye kitabu chake cha Sunday school safina ilikuwa na mlango mpana ubavuni, na twiga wawili wanaingia kwa adabu.

Jioni ile, tukichambua maharage kwenye ungo, aliinamisha kichwa akaniambia kwa sauti ya chini, "Usimwombe mjomba wako akutengenezee. Mwombe msumeno tu. Halafu kata vibaya."

"Nikate vibaya kwa nini?"

"Mimi nautaka ule mkono utoke mfukoni. Meli ikizama, na izame."

Basi nikaazima msumeno. Kukata vibaya hakukunihitaji juhudi yoyote, nilikuwa na kipaji hicho. Nilichukua kipande cha mbao ya mgrivea, nikakikalia, nikaanza. Mjomba alivumilia kwenye gogo lake mpaka nilipofika katikati na msumeno ukakwama.

"Unakata mbao au unaichinja?" aliuliza.

"Naikata, mjomba."

"Inalia hiyo. Lete hapa."

Hakukata. Alikaa karibu yangu akanionyesha kwa mkono wa kushoto pa kuweka goti, namna ya kuuachia msumeno ujiendee wenyewe. Kwa siku nyingi ilikuwa hivyo, mimi ni mikono na yeye ni mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa mkali. Mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, tuliutengeneza kwa mringaringa, mti ambao kwetu watu walichongea mizinga ya nyuki. Mbavu nilizikata kwa kufuata kipande cha boksi alichokichora. Mbao nyembamba za ubavuni zilikataa kupinda, zikawa zinapasuka, hadi mjomba alipoamua tuzishikilie juu ya mvuke wa chungu cha mahindi. Bibi alilalamika kwamba loshoro yake sasa ina ladha ya kabati, lakini alikuwa anaongeza kuni yeye mwenyewe. Nyufa tukaziba kwa nta iliyochanganywa na nyuzi za mgomba. Tanga lilikuwa mfuko wa unga wa ngano, na ukilitazama kwa karibu ungeona bado limeandikwa kilo.

Nilikuwa na furaha, rafiki yangu, nakuambia ukweli. Natoka shule nakimbia. Jikoni kunanuka nta na maranda ya mbao, kuku wanaparura kwenye vumbi la msumeno, mjomba ananiita "fundi wa mwendokasi" kwa sababu ya haraka zangu. Lakini kila jioni bibi alinitupia jicho lenye swali, nami nilitikisa kichwa. Mkono wa kulia ulikuwa bado mfukoni, na Pasaka ilikuwa inakuja.

Meli ilipokuwa na umbo, bibi akaja kuikagua. Akaizunguka. "Mlango," alisema.

"Mama," mjomba akajibu, "meli haiwekwi mlango ubavuni. Maji yataingia."

"Kwani mlango haufungwi? Wa mwenzio Nuhu ulifungwa."

Ungebishana vipi na hilo? Tukaweka mlango. Nilitoboa mimi, upana wa kiganja, na bawaba zake zikawa vipande vya ngozi ya kiatu kilichokufa. Ulifungwa kwa kijiti. Ulikuwa mlango mbaya, umekaa upande, mjomba alipoutazama alifumba macho.

Siku ya majaribio tulisubiri zamu yetu ya maji. Mfereji ule tuligawana na majirani, kila boma na siku yake, na mtu aliyechezea maji ya mwenzake alitafuta maneno. Tukaziba kidogo kwa udongo na magome ya migomba mpaka pakawa na kidimbwi. Tukaiweka meli. Ikasimama kwa muda wa kupumua mara moja, kisha ikalala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba.

Wakati huohuo jirani wa bondeni akatokea na jembe begani, amekasirika, hana habari kwamba zamu ni yetu, anauliza nani ameziba mfereji kabla maji hayajafika kwake. Alipoona kilichokuwa majini alisahau ugomvi. Akachuchumaa. "Safina yenu ni nyepesi chini," alisema baada ya kutafakari. "Hata mkokoteni mtupu unapinduka."

"Inataka mzigo," mjomba alikubali. "Mawe."

"Mawe yatabingirika," alisema bibi. "Ngoja."

Akaenda stoo akarudi na maharage ya mbegu, yale mekundu aliyokuwa akiyatunza kwa majivu. Akayamimina kupitia mlango wake, akayasawazisha kwa kidole, akafunga kijiti kwa fahari. Na kweli meli ilisimama. Ilielea wima katikati ya kidimbwi, tanga limefutuka kwa upepo unaoshuka Meru, na sisi wote wanne tukaitazama, watu wazima watatu na mimi, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona bahari. Mjomba akasema tuihamishie kwenye pipa la maji ya ng'ombe, ilale humo mpaka asubuhi, tuone kama inavuja.

Sasa wewe unayepika maharage nyumbani kwako umeshajua kilichotokea. Sisi pia tulipika maharage kila wiki, tena tunayaloweka jioni ili yaive upesi, na hakuna aliyewaza. Asubuhi nilikuta meli imefunguka. Maji yalikuwa yamepenya pale mlango ulipokaa upande, maharage yakanywa, yakavimba, yakasukuma mbao mpaka misumari ikang'oka. Yalikuwa yamechungulia kila mahali. Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa ya wiki ileile.

Nilikaa chini nikalia kwa sauti. Si kwa ajili ya meli tu. Nilijua mjomba akiona hivi atarudi kwenye gogo lake na hatatoka tena. Nikamsikia anakuja, akasimama kando ya pipa. Halafu akaanza kucheka. Alicheka akashika ukingo wa pipa, akacheka mpaka akakaa kwenye tope, na bibi aliyetoka mbio akidhani kuna msiba alikuta mwanawe anafuta machozi kwa mikono yote miwili. Yote miwili, nasema. Bibi aliniangalia mimi, nami nikamwangalia yeye.

"Mama ameloweka meli," mjomba alisema alipopata pumzi. "Kalete sanduku langu chini ya kitanda."

Mchana ule tulikula makande ya maharage yaliyosafiri. Na kuanzia hapo mimi nilikuwa wa kushika taa na kumpa misumari, kwa sababu fundi alikuwa mwingine. Mwanzoni patasi ilimponyoka, akatukana kidogo, bibi akajifanya kiziwi. Kisha kidole gumba kikajua pa kukaa. Mbao zikarudi, safari hii zimebanana. Kitu cha mwisho alichokifanya ni mlango. Aling'oa wangu akatengeneza mwingine, wenye fremu na mbao tatu zilizounganishwa, mdogo hivi kwamba aliufanya ameuma ulimi. Ulifungwa bila kijiti. Ukiusukuma kwa ncha ya kidole ulisema tik.

Siku ya wazazi mwalimu aliizunguka meza, akalinganisha na picha yake ya kalenda, akaniuliza kwa upole kuhusu mlango. Nilimwangalia mjomba aliyesimama nyuma ya wazazi wengine. "Ni wa mwenye meli," mjomba alisema, akimwonyesha bibi kwa mkono wa kulia, mbele za watu. Bibi alikuwa amevaa kitenge kipya, na aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesafiri sana. Mwalimu akacheka, akauacha mlango kama ulivyo.

Kabla ya Pasaka mjomba alituma salamu kwamba nafasi yake anaitaka, akabeba sanduku lake akarudi Kijenge. Kabla ya kuondoka alitengeneza mlango wa banda la ng'ombe. Nilifurahi, na wiki nzima nikitoka shule nilienda kwanza kukaa kwenye gogo lake.

Meli haikuelea tena. Bibi aliifanya ghala la mbegu, maharage makavu safari hii, na kila mvua za masika zilipokaribia aliufungua ule mlango akachukua mbegu zake. Sasa bibi hayupo. Mfereji umekauka, pale palipokuwa na kidimbwi kuna ukuta wa jirani mpya na geti la bluu. Mringaringa ulishakatwa. Hata ile sauti ya maji kupita kwenye migomba alfajiri, ambayo nilidhani ni sauti ya dunia yenyewe, siwezi kumsikilizisha binti yangu.

Mjomba aliipangusa meli kwa shati lake. Akausukuma mlango kwa ncha ya kidole, ukasema tik, ukafunguka, na ndani kulikuwa na harufu ya majivu. Akaketi nayo magotini. Ana karakana yake mwenyewe siku hizi, vijana wanamwamkia shikamoo fundi.

"Hii imechoka," alimwambia binti yangu. "Nitakutengenezea nyingine. Nimeona kwenye simu zilivyokuwa hasa, nitaifuata picha yenyewe. Bila mlango."

Mimi nilikuwa bado kwenye ndoo yangu. Sikupanga kusema kitu, lakini nilijisikia nasema, kwa sauti ambayo haikuwa yangu kabisa:

"Na watu wataingilia wapi?"

Mjomba aligeuka akanitazama. Akatabasamu taratibu, akainuka kwenda garini kwake kutafuta patasi ya kuchongea mlango.