Ziwa Ilmen na Bonde la Nyumbani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha naona haya. Nilikuwa nimesimama kwenye daraja la mto Volkhov, katika mji wa Novgorod, kaskazini-magharibi mwa Urusi, nimevaa koti la kuazima lililonishuka hadi vifundoni. Mimi, mtoto wa Murusagamba, wilayani Ngara, niliyekulia migombani, nilikuwa nabishana na mwenyeji juu ya mto wa kwao. Na mto wenyewe nilikuwa nimeufahamu siku tatu tu.

Usishangae nilifikaje huko. Miaka ile baada ya Uhuru serikali ilikuwa ikipeleka vijana kusoma nchi mbalimbali, nami bahati yangu iliangukia Leningrad, nikasomee jiografia ili nirudi kufundisha. Mwaka wa tatu tulitolewa darasani tukapelekwa Novgorod kujifunza kwa miguu. Aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, jina lake Antonina Vasilyevna. Huyo Vasily alikuwa baba yake. Watu wale wakikuheshimu hukuita kwa jina lako na la baba yako pamoja, na jambo hilo lilinipendeza, maana hata kwetu mtu hajulikani vizuri mpaka aseme yeye ni wa nani.

Nchi ya Novgorod ni tambarare. Macho ya mtu wa Ngara yaliyozoea vilima hukosa pa kuegemea huko. Ni vinamasi, ni misitu ya miti yenye magome meupe kama karatasi, na katikati yake liko ziwa Ilmen, pana lakini la kina kifupi. Mito inayoingia ziwani inafika hamsini hivi, ila unaotoka ni mmoja tu, huo Volkhov, unaokwenda kaskazini hadi ziwa kubwa la Ladoga. Theluji ikiyeyuka, Ilmen hufura na kumeza malisho yote ya pembeni. Watu wa kale wa mji ule waliandikiana barua juu ya yale magome meupe, wakikwaruza herufi kwa kichuma, na matope ya mji yamezitunza barua hizo kwa mamia ya miaka. Nilizitazama kwenye kabati la kioo la makumbusho. Ipo ya mtoto aliyekuwa anajifunza kuandika, akachoka, akachora farasi. Nikacheka peke yangu, maana nilimjua mtoto yule. Kila darasa linaye.

Vita Vikuu vya Pili viliuacha mji ule magofu, na vijiji vingi vya jirani viliteketea. Antonina Vasilyevna alitumia maisha yake akitembea kwa miguu na daftari, akiwauliza waliobaki: shamba hili liliitwaje, kisima kilikuwa wapi, maji ya mwaka ule yalifika wapi? Kando ya ziwa alituonyesha mwimo wa mlango wa ghala moja la wavuvi. Wazee walikuwa wameuchanja kwa kisu, kila chanjo ni kimo cha maji ya mwaka fulani. Sheria yake kwetu ilikuwa moja: kabla hujafungua ramani, uliza wazee watatu. Mimi niliiandika kwa mwandiko mzuri sana, nikaipigia na mstari chini.

Sasa pale darajani alituambia kwamba iko miaka ambayo ziwa hupungua, halafu mvua zikajaza mito inayoumwagia Volkhov huko chini, na Volkhov hugeuka ukarudi ziwani ulikotoka. Nilicheka mbele ya wenzangu. "Mama," nikamwambia, "maji hayapandi mlima."

Hakubishana nami. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepungua kweli. Siku chache baadaye akatuita darajani, akabandua kipande cha gome, akakitupa majini. Gome lile likasita kidogo, likajizungusha, kisha likaanza kwenda kusini polepole, kuelekea ziwani. Alinitazama, akasema, "Mto huu haujasoma kitabu chako." Wenzangu walinitania kwa jambo hilo mpaka tunaagana.

Ungedhani nilikoma. Kumbe sikio la kufa halisikii dawa. Nilirudi nyumbani na daftari nyingi na kiburi kimoja kikubwa, nikapangiwa kufundisha shule ya huku kwetu, karibu na mto Ruvubu. Ilikuwa ndiyo miaka ya Operesheni Vijiji. Watu walitakiwa watoke kwenye vilima walikotawanyika na migomba yao, wakae pamoja, wapate shule, zahanati na maji. Nami sikuona ubaya wake, hata leo siwezi kusema wote tulikuwa wajinga. Mwenyekiti wa kijiji aliniita akasema, "Mwalimu, wewe umesoma nchi za watu. Tuchoree kijiji."

Nilichora. Nilichagua bonde la kijito kimoja kinachomwaga Ruvubu, kwa kuwa lilikuwa tambarare na lilikuwa karibu na barabara. Mistari ilinyooka hata mwenyekiti akaikunja ramani kwa mikono miwili kama nguo ya kanisani. Wazee watatu niliwauliza? Sikumuuliza hata mmoja.

Kwenye mkutano alisimama Mzee Bukuru, mkulima wa migomba, mtu mpole ambaye shati lake halikukosa madoa ya utomvu. Akasema, "Mwalimu, huko chini wazee wetu walilima maharage ya kiangazi tu, hawakulala huko. Ruvubu ukijaa, kijito hiki hukosa pa kumwaga. Maji yanarudi huku."

Nami, mwanangu, nikafungua kinywa changu kilekile. "Mzee wangu, maji hayapandi mlima."

Watu walicheka. Mzee Bukuru akaketi. Unaona maajabu hayo? Mto wa Warusi niliuona ukirudi nyuma nikaamini. Kijito cha nyumbani, ambacho mtu aliyezaliwa kando yake ananieleza, nikakikatalia. Niliona maajabu ni ya ng'ambo, na ya kwetu ni porojo za wazee. Nyumba zikajengwa bondeni, na katika safu ya kwanza, ile iliyo karibu na mafunjo, akapewa nyumba Josefina, binti yake Mzee Bukuru, pamoja na mumewe.

Masika yakaja. Ilikuwa mchana, nipo darasani, shule yetu iko juu kidogo ya mteremko. Nikasikia watu wanaitana. Nilipotoka, nilitazama kwanza upande wa juu wa kijito, ambako akili yangu ilinituma kuwa mafuriko hutokea. Hakukuwa na kitu. Maji yalikuwa yanatoka chini, upande wa Ruvubu, yanapanda bonde kimyakimya bila kishindo, yakisukuma mabua ya mafunjo makavu kuelekea kijijini. Nilijua ninachokiona, na nilijua nilikwisha kuonyeshwa.

Josefina alikuwa na mtoto wa wiki moja, naye mwenyewe bado hajapata nguvu za kutembea vizuri. Kumbe baba yake, tangu mvua ya kwanza, alikuwa akishinda bondeni. Alifyeka njia pana ya kupandia kilimani, watu wakamcheka. Alimwambia bintiye aweke vitu vya mtoto ndani ya tenga karibu na mlango, wakamcheka tena. Siku ile alimbeba mtoto kifuani, mkwewe akambeba Josefina mgongoni, na kijiji kizima kikawafuata kwenye ile njia iliyofyekwa. Nilishuka mbio nikapokea watoto, nikapokea vikongwe, chaki ikiwa bado mikononi. Jioni kuta za udongo za safu tatu zilikuwa zimeyeyuka. Mbuzi walikufa, maharage ya mbegu yalioza. Watu walikuwa wazima wote, nami kwa hilo namshukuru Mungu kila siku ninayoamka.

Kesho yake alikuja ofisa kutoka wilayani. Alitazama zile kuta, akauliza kwa ukali, "Nani alichagua mahali hapa?"

Siku hizo swali kama hilo lingeweza kumfukuzisha mtu kazi, au zaidi. Mwenyekiti alinyamaza. Mimi nilitazama viatu vyangu. Naomba unielewe vizuri hapa: sikukosa nafasi ya kusema, nilikosa moyo. Ndipo Mzee Bukuru aliposimama, mtu aliyepoteza nyumba ya mwanawe na mbegu zake zote, akasema, "Tulikaa kikao, mheshimiwa, tukakubali sote. Sasa tuambie watu watalala wapi." Na swali likaishia hapo.

Mkutano ulipovunjika nikamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huko Urusi, ulikuwa unawauliza wenyeji?"

"Nilikuwa nawauliza."

"Na hapa?"

Kabla sijasema neno, akaendelea.

"Basi hukukosa elimu, Mwalimu. Ulituona sisi hatuna cha kuulizwa." Alisema bila hasira, ndiyo maana iliniuma. Kisha akaongeza, "Kesho njoo na daftari lako, tutembee."

Tulitembea siku nyingi. Mzee Bukuru alikuwa na jina la kila mkunjo wa kilima. Hapa maji yalifika mwaka wa nzige, alisema. Pale palikuwa na ukoo uliohama kwa sababu ya mbung'o. Chemchemi hii haikauki, ile inakudanganya mpaka Agosti, kisha inakauka. Tuliwatembelea na wazee wengine, mpaka kijiji cha Kirushya tulifika. Nilichora kijiji upya, juu ya bonde, mistari ikipinda kwa kufuata kilima, na safari hii aliyeipeleka ramani kwa mwenyekiti alikuwa Mzee Bukuru mwenyewe. Mwaka uliofuata maji yakarudi tena bondeni, hayakukuta mtu.

Lakini mwanangu, nilikuwa na mwiba mguuni. Miaka ikapita sijasema hadharani kwamba kosa lile lilikuwa langu. Kila nikitaka kusema, nilijiambia watu wamekwisha kusahau. Vita vya Kagera vikaja, vijana wetu wakaenda na mgambo, redio ikawa ndiyo shughuli yetu. Katika miezi hiyo hiyo Mzee Bukuru akaugua, akatutoka. Walioweza kuchimba kaburi walikuwa wachache, tukachimba sisi walimu na wazee.

Katekista alipouliza kama kuna mwenye neno, miguu yangu ilisimama kabla sijaamua. Nikasema, "Bonde lile nililichagua mimi. Mzee huyu alinikataza mbele yenu, nikamfanya achekwe. Ofisa alipouliza, nilinyamaza, yeye akanifunika. Nimekula na ninyi miaka yote hii bila kuwaambia."

Kisha Josefina, macho yamemvimba kwa kulia, akamshika mkono yule mtoto aliyenusurika, ambaye sasa alikuwa anaanza shule, akasema, "Mwalimu, tunajua. Tulikuwepo mkutanoni. Baba alitukataza tusikuulize. Alisema tukungoje, utasema mwenyewe."

Nililia pale mbele ya wanafunzi wangu, wala sikujificha.

Ndiyo sababu nakwambia haya, mwanangu, wewe unayekwenda kusoma mbali na sisi. Nenda. Soma mito ya watu, maziwa yao, vita vyao na barua zao. Mimi vilininufaisha, na mama yule wa Novgorod namwombea kama ninavyomwombea mama yangu mzazi. Ila ujue kwamba aliyekufundisha kuwasikiliza wazee wa kwake alikuwa anakufundisha kuwasikiliza wa kwenu pia. Ukirudi, usianze kwa kueleza, anza kwa kuuliza. Penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee aliyekwisha kuchekwa mkutanoni ataketi, na neno lake litaketi naye. Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema mapema. Usingoje mpaka anayestahili kukusikia awe chini ya udongo. Mimi nilisubiriwa na kijiji kizima, kwa upole nisioustahili. Sijui kama wewe utapata watu wa namna hiyo.

Mungu akufungulie njia, akupe walimu wasiochoka nawe. Akupe sikio kabla ya ulimi. Na siku utakaporudi, akukutanishe na mtu wa kwenu anayelijua bonde, angali hai, ana nguvu za kutembea, na wewe una haya ya kutosha kumwamkia kwanza. Amina.