Nilipunguza sketi ya pistoni ya chenso ili mti wa mama mkwe usiishie juu ya bati lake

Wakuu, heshima mbele.

Hii ninayoandika haina majani wala sukari, kwa hiyo wale wazee wa kuja na "chai hii" leo kaeni pembeni kidogo. Kilichotokea ndicho ninachosimulia, na mashine yenyewe iko hapa mbele yangu wakati naandika.

Mimi ni fundi wa mashine ndogo hapa Morogoro Mjini. Chenso za kukatia miti, mashine za kukatia majani, pampu za maji za wale wa mpunga Dakawa, vyote vinapita mikononi mwangu. Kwa asili ni Mnyamwezi, ila nimeoa Uluguruni, huko juu upande wa Mgeta.

Mke wangu, mama Devo, ni fundi cherehani. Tuna fremu moja ya duka. Yeye yuko mlangoni na cherehani yake, mimi niko nyuma na oili zangu. Tone la oili likidondokea kitambaa cha mteja, siku hiyo mtanikuta nakula kwa mama ntilie.

Sasa tuingie kwenye mada.

Mama mkwe anaishi peke yake huko juu. Nyuma ya nyumba yake, upande wa mlimani, kulikuwa na mkaratusi ambao marehemu mzee aliupanda kwa mkono wake. Mti ukanenepa, mizizi ikaanza kuachia, ukawa unainamia nyumba. Masika iliyopita udongo ulipasuka kwenye shina, ukiweka mguu unazama.

Tangu hapo mvua ikinyesha mama halali. Anakaa kitandani anasikiliza mti unavyolia.

Kwa msioijua Uluguruni: ardhi kule ni ya ukoo wa upande wa mama, na msemaji ni mjomba. Mimi mkwe nakaa kwenye benchi nasikiliza. Mjomba wa mke wangu, mzee Pius, akaitisha kikao akasema hivi: "Kabla ya masika, ama mti ushuke, ama dada yangu ashuke."

Kushuka maana yake kuja kukaa kwetu mjini. Mama mkwe, ambaye maisha yake yote ni kabichi na njegere, akajibu bila hata kuinua macho, "Nikashuke nikapande nini? Sementi?"

Mke wangu aliangalia chini njia nzima tunarudi.

Tukamwita jamaa mmoja wa Turiani mwenye chenso kubwa. Akafika gari linapoishia, akatazama njia ya kupanda, akautazama mti, akasema yeye anakata miti iliyosimama ardhini, siyo iliyobandikwa ukutani. Akageuza.

Ikabaki chenso yangu. Ni ya zamani, imara, lakini injini ndogo. Na mti ule kwa unene wake ulitaka nifunge upanga mrefu, ule unaozungusha mnyororo. Pale kijijini kulikuwa na gogo limelala, unene karibu sawa na ule mti, nikajaribu hapo kwanza. Mashine ikaingia vizuri, ikafika katikati, ikazima. Nikawasha tena, ikazima tena palepale.

Wakuu, vuteni picha. Mti umeshakatwa nusu, umeinamia nyumba, na mashine imezimia ndani ya shina imebanwa. Hapo huna mti tena, una msiba.

Nikasema siugusi.

Mzee Pius akapata pa kunishikia, na mnajua utani wa Waluguru na sisi. "Mnyamwezi," akasema mbele ya watu, "nyie kazi yenu mzigo. Hebu jitwike hiyo chenso yako uirudishe mjini."

Nilicheka, utani ni utani. Ila iliniuma. Nikamwambia, "Naibeba mjomba. Ikirudi hapa itakuwa imeshiba."

Nilipofika mjini nikampigia fundi Shabani. Huyu ni rafiki yangu, naye wa Turiani ila siyo yule aliyegeuza, kazeeka kwenye chenso. Akaniambia, "Punguza sketi ya pistoni, ipumue."

Kwa wasio mafundi: pistoni ni kama kopo linalopanda na kushuka ndani ya silinda. Sehemu ya chini ya hilo kopo tunaiita sketi. Kwenye chenso ya zamani kama yangu hakuna valvu, sketi yenyewe ndiyo mlango. Pistoni ikipanda, sketi inafungua tundu la kuvuta hewa na mafuta. Ukiipunguza kidogo, mlango unafunguka zaidi, injini inakula zaidi, nguvu inaongezeka.

Shabani alikuwa bado anaongea kuhusu pande. Mimi nishasema asante, nishakata simu. Sketi naijua bwana, nimeoa fundi cherehani!

Nikafungua injini, nikatoa pistoni, nikaibana kwenye jiliwa, nikala upande wa kuvuta kwa tupa. Taratibu, kwa adabu zote. Nikaisimamisha mezani niitazame.

Ikawa imekaa kihasarahasara. Upande mmoja mfupi, upande wa pili mrefu. Macho yangu yameshaishi sana na pindo za sketi, yakakataa kabisa. Nikasema huu ni ushamba, nikakata na upande wa pili vikawa sawa. Nikapitisha msasa. Mwenyewe nikajisifu.

Nikafunga, nikawasha.

Kelele! Watu wa fremu za jirani walitoka nje. Lakini ukiigusisha kwenye gogo inakata roho hata kabla ya katikati. Ekzosi inatema mafuta mabichi, moshi umejaa mpaka mama Devo anafunika nguo za watu kwa nailoni. Mashine ilikuwa mbovu kuliko mwanzo.

Nikampigia Shabani. Akaniuliza swali moja, "Upande wa ekzosi umeugusa?"

Nikamwambia nimesawazisha.

Akacheka hadi akakohoa. Akanieleza kile nilichomkatia simu. Upande wa ekzosi sketi inatakiwa ifunike muda wote pistoni ikiwa juu. Ukiifupisha, tundu la ekzosi linabaki wazi kwa chini, na mafuta yanayovutwa yanatoka nje kabla hayajafanya kazi.

Pistoni ya mashine ile haipo tena madukani. Shabani alikuwa na chenso iliyokufa ya aina ileile, akang'oa pistoni yake, akaipakia kwenye basi la Moro. Ikafika na ujumbe wake kwenye simu: "Ni hii tu. Ukiiharibu na hii, tusalimiane kwa mambo mengine."

Hapo wakuu niliogopa. Nasema ukweli. Mawingu yameshaanza kukaa juu ya mlima, mzee Pius kashampigia mke wangu kumuuliza chumba cha mama kiko tayari au bado. Na mimi nimeshika tupa, sijui nikate kiasi gani. Shabani alikuwa anakata kwa mazoea ya mkono wake, mimi mkono huo sina.

Sasa sikilizeni.

Mchana mmoja akaja mteja wa mama Devo, dada mmoja kajaliwa nyuma. Sketi yake ilikuwa mezani, nikaona pindo la nyuma limeshuka kuliko la mbele. Nikaropoka, "Mama Devo, hiyo umeikosea."

Mke wangu akampa yule dada akavae. Dada akatoka, pindo limenyooka pande zote kama mstari wa rula.

Ndipo mama Devo akaniambia, "Baba Devo, sketi haipimwi ikiwa mezani. Inapimwa ikiwa imevaliwa."

Nilisimama pale kama nimepigwa shoti. Mke wangu anadhani nimekasirika, kumbe mimi nishafika kwenye silinda.

Nikarudi nyuma, nikairudisha pistoni ndani ya silinda bila ringi zake za kuzibia, mshale uliochongwa juu yake ukielekea ekzosi inavyotakiwa. Nikaisukuma hadi juu kabisa. Nikachungulia kwenye tundu la kuvuta kwa tochi.

Nikaiona, wakuu. Sketi ilikuwa bado imeziba sehemu ya chini ya tundu, kama pazia lililoshushwa nusu dirisha. Nikaingiza kalamu nyembamba ya wino kupitia tundu lenyewe, nikachora mstari kwenye sketi. Nikazunguka upande wa ekzosi, nikachungulia. Kule imefunika vizuri, imebakiza nafasi ndogo tu. Kule sikugusa.

Sikukisia chochote. Nilikata hadi kwenye mstari, nikapitisha msasa kwenye kingo, nikaiosha kwa petroli mpaka hakuna unga wa chuma hata kidogo. Nikafunga. Nikafungua kabureta kidogo mafuta yaongezeke, maana injini inayovuta hewa nyingi bila mafuta inajiunguza yenyewe.

Nikaenda kwa jamaa wa mbao nikaomba gogo la mkaratusi, nene. Nikafunga upanga mrefu. Mashine ikaingia, ikafika katikati, ikapita, ikatokea upande wa pili. Nikarudia mpaka jamaa akaniuliza kama nataka kummalizia magogo yake.

Siku ya kazi kibali cha kijiji kilikuwepo, msije mkanirukia kwenye comments. Mzee Pius kasimama na nyundo ya kugongea kabari. Vijana wa ukoo wameshika kamba iliyofungwa juu ya mti, wamekaa mbali, wauvute pembeni kwenye matuta yaliyovunwa njegere.

Kila kitu tayari, mama mkwe hatoki ndani.

Akasema nyumba ni yake, kama mti unaanguka uanguke yeye yumo. Mzee Pius kamfokea, wapi. Ikabidi niende mlangoni mimi, mkwe, na mnajua heshima ilivyo hapo. Nikatazama chini, nikasema, "Shikamoo mama. Mashine naiamini. Lakini ukiwa ndani mkono wangu utatetemeka, na mkono ukitetemeka mti utajua."

Baadaye akatoka amebeba kigoda chake, akapita mbele yangu, akaenda kukaa mbali kabisa kwenye bustani yake. Akaupa mti mgongo.

Nikavaa kofia ngumu, nikawasha. Nikakata mdomo, ule mkato wa kuelekeza mti, upande wa matuta. Nikahamia nyuma, nikaanza mkato wenyewe. Mzee Pius anagonga kabari, vijana wanavuta, mimi nasikiliza injini tu.

Ilipofika kwenye moyo wa mti sauti ikashuka. Palepale ilipokuwa inazimia siku ile. Sikuikaba, sikuilazimisha, nikaiacha ivute.

Ikapandisha sauti yenyewe.

Nikabakiza ubavu mdogo wa kuuongoza, nikachomoa upanga, nikarudi nyuma. Mti ukalia kwa mara ya mwisho, ukageuka polepole, ukaenda kulala kwenye matuta. Nyumba ilipata majani tu juu ya bati.

Nilikaa chini nikalia, sifichi. Mzee Pius akaja, akaishika chenso, akaipima uzito kwa mkono mmoja. "Kweli imeshiba," akasema. Halafu akajitwika mwenyewe hadi kwenye barabara, Mnyamwezi natembea mikono mitupu nyuma yake.

Nilichojifunza ni kwamba kitu cha kuvaliwa ukipime kikiwa kimevaliwa. Na mtu akikuelekeza, msubiri amalize. Pistoni niliyoiharibu mama Devo anakandamizia vitambaa akikata. Wateja wakimuuliza ni kitu gani, anawajibu, "Sketi ya mume wangu."

Mafundi mliowahi kupunguza sketi, ringi zinawakalia muda gani? Na joto mnalidhibiti vipi mashine ikifanya kazi mfululizo? Nirekebisheni, nipo hapa nasoma. Wa "chai" nao karibuni, vigoda vipo.

Na kwa atakayeuliza mama mkwe yuko wapi: yuko kwake. Masika imeshaanza huko juu. Juzi jioni kapiga simu, mvua inapiga mpaka namsikia kwa shida. Nikashtuka, nikamuuliza, mama kuna nini?

"Hakuna kitu, mwanangu," akasema. "Nilitaka usikie. Ni bati tu."