Baba Mkubwa Ndani ya Gunia la Kahawa

Ukifika Matiri ukaniulizia kwa jina nililobatizwa, hakuna atakayekuelewa, lakini ukisema unamtafuta Hirizi utaoneshwa njia, utasindikizwa, na huko njiani utasimuliwa aibu yangu yote na watu ambao siku yenyewe hata hawakuwepo. Kwa hiyo bora niieleze mwenyewe. Mimi angalau sitatia chumvi, isipokuwa kidogo pale kwenye soksi.

Chanzo ni tabia yangu ya kukusanya. Shule niliiacha mapema, si kwamba nilikuwa mzito wa kichwa, ila mwalimu alitaka nikae mahali pamoja, na hicho ndicho kitu nisichokiweza mpaka leo. Tangu hapo nimeanika usipa, wale dagaa wa ziwani kwetu, kule Ngumbo, nimepakua mizigo Mbamba Bay, nimechuma kahawa Matiri, na kila nilikopita nilikuwa na simu mkononi narekodi: ngoma ya mganda, bibi anayefinyanga chungu, kwaya, harusi, mzee anayetambua samaki kwa harufu huku amefumba macho, mbuzi aliyepanda juu ya paa la zahanati akakataa kushuka. Simu ikijaa namwaga kwenye kadi, kadi zikijaa namwaga kwenye kompyuta moja kuukuu iliyoko chumbani kwangu Mbamba Bay, ambayo ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kusaga. Wenzangu wanakusanya mbuzi na mabati, mimi nakusanya vitu ambavyo havipikwi wala haviezekwi.

Sasa kuna fundi simu wa Mbinga mjini, anaitwa Zeno, rafiki yangu wa siku nyingi, ndiye aliyeniharibia usingizi. Aliniuliza nyumba ikiungua itakuwaje, mwizi akipita itakuwaje, kompyuta yenyewe ikiamua kufa itakuwaje. Akaniambia ninunue diski kubwa, ninakili kila kitu, halafu nakala hiyo niiweke mbali kabisa na nyumba yangu, pakavu, maana diski na unyevu haviivi chungu kimoja. Nikanunua. Ina ukubwa wa kitabu cha sala, na ndani yake iliingia miaka yangu yote ya kuzurura, nikashangaa kidogo kwamba ilienea.

Mbali na nyumba yangu ni kwa mama mkubwa Skola, dada yake mama, kule juu Matiri. Huyu ni mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, mama ambaye hata kuku wake hawathubutu kuingia shamba la jirani. Nilipofika alikuwa kwenye sala, nyumba iko wazi, nikaanza kutafuta pakavu. Kabatini hapana, wajukuu wanafungua fungua. Jikoni moshi. Chini ya kitanda kunapigwa deki. Nikaingia stoo, nikakuta magunia ya kahawa ya maganda, ile iliyomenywa ikabaki na ganda lake jeupe.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kahawa inaanikwa kwenye vichanja, inageuzwa, wingu likipita tu watu wanakimbia kuifunika, mpaka ukiitikisa inalia kama kokoto. Katika nyumba ile hakuna mtu, mimi nikiwemo, aliyewahi kukingwa na mvua kwa bidii kama ile kahawa. Nikajiambia, pakavu kuliko hapa ni wapi tena? Nikaitia diski ndani ya soksi, juu nikaweka nailoni, na juu ya nailoni nikaviringisha kipande cha kaniki nyeusi nilichokikuta pale stoo, kwa sababu ni nzito na haipitishi vumbi. Nikaifunga kwa uzi mwekundu, nikaizamisha katikati ya gunia, nikalishona mdomo kwa uzi uleule liwe alama yangu. Sikumwambia mama mkubwa. Angeuliza ni nini, ningemweleza, angesema toa. Nikateremka zangu ziwani nikijiona mtu mwenye mipango.

Baada ya hapo Mbamba Bay kukawa na tamasha la ngoma, simu imejaa, kadi zimejaa, kompyuta imejaa. Nikafikiri, kwani naogopa nini na mimi nina nakala Matiri? Nikafuta kompyuta yote. (Kwamba ukifuta ya kwanza, ile ya pili ndiyo inakuwa ya pekee, Zeno aliniambia, nadhani, ila nilikuwa naangalia jinsi anavyolehemu.) Nilirekodi tamasha lote kwa raha zangu.

Halafu mama mkubwa akapiga simu. Jumapili kulikuwa na misa ya kumbukumbu ya marehemu mume wake, baba mkubwa Anselimu, na ndugu walikuwa wanakuja, hata wale wa Songea. Akasema ana picha zake za ukutani, lakini sauti hana, na wajukuu wadogo hawajawahi kumsikia.

"Wewe ndiye uliyemrekodi akiongea," akasema. "Jumapili mwanangu, njoo naye."

Nikamjibu nitakuja naye. Kukata simu ndipo nikakumbuka yuko wapi.

Nilipanda Matiri siku mbili kabla. Stoo nikaikuta imefagiwa. Jirani, bibi mmoja mwenye kupenda habari, akaniambia Skola yuko kwenye ghala la chama cha ushirika, kahawa inapimwa leo, na mwaka huu magunia yake yamependeza kwelikweli, maana aliokota dirishani kibonge cha uzi mwekundu akayashona yote upya.

Yote.

Nilikimbia mpaka ghalani. Uwanja umejaa wakulima na masweta yao, foleni ya magunia imezunguka jengo, na mama mkubwa amekaa juu ya mzigo wake, kitenge kimenyooka, anasalimiwa na kila apitaye. Nikamwamkia. Akaitikia kwa furaha, akasema umewahi, mwanangu, halafu akauliza, "Na baba yako mkubwa je?"

"Yupo, mama. Yupo karibu."

Na sikudanganya. Inawezekana kabisa alikuwa amemkalia.

Mtaniuliza kwa nini sikusema ukweli palepale. Nitawaambia. Msimu uliotangulia, kwenye uwanja uleule, mtu mmoja alikutwa na mawe ndani ya gunia, ameongeza uzito, na mpaka leo watoto wake wanaitwa watoto wa Mawe. Sasa mimi niinuke mbele ya kijiji kizima niseme ndani ya kahawa ya mwenyekiti wa jumuiya kuna chuma? Nikaamua kuitafuta kimyakimya. Na gunia lililojaa hulitafuti kimyakimya bila kulikumbatia. Nikalikumbatia la kwanza, nikalitikisa, nikaweka sikio. Nikaenda la pili. Mama mkubwa akamwambia jirani yake kwamba mtoto amebadilika siku hizi, anapenda kazi.

"Amebadilika kweli," mwanamume mmoja wa nyuma akasema. "Huyu haagi kahawa. Huyu anaposa."

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao, bado nimekumbatia.

Zamu yetu ikafika. Karani wa mizani akachukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji wanachochomea gunia ili kutoa punje za kukagua. Gunia la kwanza, sawa. La pili, sawa. Alipolielekezea la tatu, mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema, "Bwana karani, hilo usihangaike nalo, hilo ni zuri tu." Hakuna mtu mwaminifu aliyewahi kutamka sentensi hiyo kwenye mizani. Karani akanitazama, akachoma kwa nguvu.

Ko.

Akachomoa, akachoma pembeni. Ko. Foleni ikavunjika, watu wakasogea kuona. Mama mkubwa, kwa imani yake yote, akamwambia achome tena, labda ni punje iliyokomaa sana.

Gunia likamwagwa juu ya turubai, na katikati ya kahawa nyeupe ile, safi, likatokea furushi la kaniki nyeusi lililofungwa uzi mwekundu. Ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza, kwa macho ya watu wengine, kitu nilichokitengeneza. Naapa hata mganga mwenye uzoefu asingekifunga vizuri vile. Watu wakarudi nyuma kwa pamoja kama wamepigiwa filimbi. Waliopimwa asubuhi wakaanza kukumbuka kwamba magunia yao yalikuwa mepesi kuliko walivyotegemea, na sasa sababu wameiona, hirizi ya kuvuta uzito wa wenzio.

"Mama wa jumuiya," mtu akasema taratibu. "Hata wewe?"

Mama mkubwa akasema, "Mimi?" Akautazama ule uzi. Kisha akanitazama mimi.

Katekista Otmari, aliyekuwa kwenye foleni na kahawa yake, akasukumwa mbele. Akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba kwa umbali wa mtu anayeomba Mungu aingilie kati ila yeye asitajwe. Wengine hawakuwa na subira, wakasema kichomwe, na mwanamume yule wa posa akaja na kibiriti na mafuta ya taa, sijui aliyatoa wapi kwa haraka ile. Alipoinua chupa ayamimine, nikaruka mpaka katikati ya turubai, nikasema neno ambalo nikilikumbuka hata leo naacha kutafuna.

"Msichome. Baba mkubwa Anselimu yumo humo ndani."

Mama mkubwa akakaa chini. Nikaona sijaeleweka, nikafafanua kwamba hayuko peke yake, wamo na wazee wa Ngumbo, wamo wanakwaya, nimewakusanya mwenyewe kwa miaka mingi. Kila nilichoongeza kilizidisha pengo kati yangu na watu. Katekista alishafika getini.

Aliyetuokoa ni bwana Rajabu, afisa ushirika aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alitoka ofisini na kikombe chake cha chai, akauliza kuna nini, akaelezwa na watu wote kwa wakati mmoja. "Hebu ngojeni," akasema. "We kijana, ulifunga mwenyewe? Basi fungua mwenyewe."

Nikafungua. Kaniki, watu wakanyoosha shingo. Nailoni, wakasogea hatua moja. Soksi, na hapo watu walirudi nyuma zaidi kuliko walivyoikimbia hirizi. (Niliifua. Nasema niliifua.) Ikatoka diski, na bwana Rajabu akawaeleza kwamba hiki ni chombo cha kuhifadhia picha na sauti. Wengi wakatikisa kichwa kwamba sawa, wengine wakamwangalia kama naye ni wa kuchunguzwa. Mama mkubwa ndiye aliyekata shauri. Akanyanyuka, akajifuta kitenge, akasema maneno machache:

"Kama Anselimu yumo, na aseme."

Ofisini mle kuna kompyuta, imeunganishwa na spika ya nje wanayoitia majina ya wakulima. Waya wa diski nilikuwa nao mfukoni. Nikachomeka, ikazunguka, ikawaka, nikataka kumbusu Zeno. Lakini majina niliyoyaweka mimi mwenyewe humo ndani yalikuwa haya: Mpya, Mpya Nyingine, Mpya Kabisa, Hii Ndiyo, Usifute. Nikabonyeza Hii Ndiyo. Uwanja mzima ukasikia sauti yangu, nzito ya kujilazimisha, siku niliyojihoji peke yangu ufukweni nikijifanya mtangazaji:

"Ndugu mtaalamu, wananchi wanauliza, elimu yote hii umeipata wapi?"

Na mimi huyohuyo nikajibu, "Ahsante kwa swali zuri."

Nilibonyeza kuzima nikakosea, nikafungua faili jingine, akatoka yule mbuzi wa zahanati analia juu ya paa. Kutoka nje mtu akauliza, "Skola, ndiye huyo?" Sikuwahi kusikia uwanja ukicheka vile. Hata katekista alirudi kutoka getini.

Nikafungua Usifute.

Kwenye kioo cha kompyuta, baba mkubwa amekaa kizingitini, ungo magotini, anachambua kahawa na kuimba wimbo wa kanisani kwa ile besi yake iliyokuwa inatikisa mabenchi. Vicheko vikafa. Wanaume waliokuwa na kofia wakazivua. Akaimba ubeti, akausahau wa pili, akainua macho akaniona, na sauti yake ikatoka kwenye spika ikaenea juu ya magunia na migomba mpaka barabarani:

"Skola, huyu mwanao ananitazama na kisimu chake tangu asubuhi, punje hata moja hajagusa. Leo asile."

Mama mkubwa alikuwa amesimama chini ya ile spika, ameiangalia. Akaijibu, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu na mumewe.

"Alikula, baba. Nilimpa kwa siri."

Akacheka huku analia, na watu wakacheka naye, na mwanamume wa kibiriti akakirudisha mfukoni bila kuagizwa.

Kahawa ilipimwa, ilionekana safi, na jina la mama mkubwa likabaki lilivyokuwa. La kwangu ndilo lililobadilika, tangu siku hiyo nikawa Hirizi. Niliokota ile iliyomwagika nje ya turubai punje kwa punje, nimepiga magoti, huku kila anayepita ananiita ndugu mtaalamu na kuuliza elimu yote hii nimeipata wapi. Jumapili wajukuu walimsikia babu yao, wakataka arudiwe, wakakariri mpaka ile ya "leo asile," ambayo sasa wananiambia kila nikishika sahani. Na katekista, kwenye matangazo baada ya misa, aliwaomba waumini wenye vitu vyao ndani ya magunia ya wengine wavitoe mapema kabla ya msimu.

Siku hizi nakala ni tatu: kwangu, kwa Zeno, na kabatini kwa mama mkubwa, kwenye kopo la biskuti ambalo katekista mwenyewe aliliandikia kwa herufi kubwa SI HIRIZI. Kufuta kitu kabla sijazihesabu kwa mkono, sitafanya tena maishani. Kaniki na uzi mwekundu sigusi hata kwa kushonea suruali. Na nikitaka kuhifadhi kitu kwa mtu, namwambia mwenye nyumba kwanza, hata kama atasema toa.

Mama mkubwa hupiga simu mara kwa mara kukagua. Juzi nilikuwa Ngumbo, naanika usipa, akaniuliza baba yako mkubwa yuko salama. Nikamwambia kwa majivuno yuko mahali patatu, hata dunia ipinduke hapotei.

"Vizuri," akasema. "Na wewe utapanda lini huku? Maana wewe, mwanangu, hatuna nakala."